Mnato si kunata

Katoni tisa zilirudi Jumatatu asubuhi. Mwenye duka alizileta mwenyewe kwa bajaji kutoka Kariakoo, akazishusha getini moja moja, akakataa soda niliyompa. Hakuja na ugomvi. Alikuja na huzuni ya mfanyabiashara aliyeaibika mbele ya wateja wake.

"Dada, losheni yenu inanata," akaniambia. "Mama mmoja, mteja wangu wa miaka mingi, anasema akishajipaka akapanda daladala, mkanda wa mkoba unamganda begani. Amenirudishia chupa karibu imejaa."

Nilikuwa na daftari la maabara mkononi, nikalifungua palepale. Bechi ile ilisoma sentipoizi 12,100, kipimo cha jinsi losheni inavyokataa kutiririka. Bechi ya mwezi uliotangulia, ile iliyopendwa hadi ikaisha madukani, ilisoma 12,000. Tofauti ya 100 kwenye kipimo cha namna hiyo ni sawa na hakuna. Unaweza kuipata ukipima kopo lilelile mara mbili. Kwa mujibu wa mashine yetu, losheni zile mbili zilikuwa kitu kimoja. Kwa mujibu wa mama wa daladala, hazikuwa kitu kimoja. Nikapaka ya zamani mkono wa kulia na mpya mkono wa kushoto, nikaendelea na kazi. Chai ya saa nne haijafika, kila karatasi niliyoiegemea ilikuwa inang'ang'ania mkono wangu wa kushoto.

Kilichotokea nilikijua mara moja, kwa sababu mimi ndiye niliyetia saini. Mafuta mepesi tunayoagiza yalikuwa yamechelewa bandarini. Tukayapunguza kwenye fomyula, tukaongeza glisirini kujaza pengo, kisha tukacheza na unga wa kuongeza uzito hadi namba ya mashine ikarudi mahali pake. Namba iliporudi, nikaamini kuwa losheni nayo imerudi.

Nina miaka kumi na moja katika kazi hii ya kuchanganya losheni na krimu, na tangu Jumatatu ile swali moja halijaniachia: je, chombo cha kupimia kinaweza kutuambia kitu kitahisiwaje mwilini mwa mtu kabla mtu hajakipaka? Nimesoma nilichoweza, nimejaribu nilichoweza kwa vifaa vyetu vichache. Naandika hapa kwa ajili ya wenzangu wanaotengeneza losheni, sabuni na mafuta ya nywele katika viwanda vidogo na jikoni, maana najua wengi wana kifaa kimoja tu, na kifaa chenyewe ni kile kilichonidanganya mimi.

Nianze na neno lenyewe, kwa sababu naamini nusu ya kosa langu ilitoka kwenye neno. Vitabu vyetu vya fizikia vinaita "mnato" ile tabia ya kimiminika kukataa kutiririka. Neno limetoka kwenye kunata. Kwa hiyo mtu aliyesoma sayansi kwa Kiswahili, au anayeifikiria kwa Kiswahili kama mimi, anabeba kichwani imani ambayo hakuna aliyemfundisha: chenye mnato mkubwa ndicho kinachonata. Asali inaipa imani hiyo nguvu, maana asali ni nzito na inanata. Lakini angalia mafuta ya mgando. Yamesimama kwenye kopo hata ukiligeuza, ni mazito kuliko losheni yoyote, na bado ukiyasugua yanateleza. Kisha angalia utomvu wa fenesi. Unatiririka vizuri tu pale kisu kinapopita, lakini ukikugusa vidole utatafuta mafuta ya nazi nyumba nzima. Na mlenda ni jambo la tatu kabisa: hauko mzito sana, haunati, lakini unavutika uzi kutoka sahani hadi mdomoni. Uzito, kunata na kuvutika ni tabia tatu tofauti, na zote tatu zinaweza kukutana ndani ya chupa moja ya shampuu.

Glisirini ndiyo inayonifundisha hili kila siku. Glisirini safi ya nyuzi 20 ina mnato wa karibu sentipoizi 1,400. Losheni yetu ina 12,000. Yaani mashine inasema losheni ni nzito kuliko glisirini zaidi ya mara nane, ilhali kidole cha mtoto kitakwambia ipi inanata. Ndani ya chupa glisirini imezimuliwa na maji, imetulia. Ukishapaka, maji yanaondoka na yenyewe inabaki juu ya ngozi, na inaendelea kuvuta unyevu kutoka hewani. Mashine ilipima kilichomo kwenye chupa. Mama wa daladala alipima kilichobaki begani.

Hiyo mashine niieleze kidogo. Ni kijiti cha chuma chenye kisahani, kinazamishwa kwenye kopo na kuzungushwa polepole, kwetu mizunguko 10 kwa dakika, na springi ndani yake inapima jinsi losheni inavyokipinga. Sentipoizi imepewa jina la Poiseuille, daktari Mfaransa wa karne ya 19 aliyepima vimiminika vikipita kwenye mirija myembamba kwa sababu alitaka kuelewa mwendo wa damu. Maji ya nyuzi 20 yana sentipoizi 1. Kipimo ni kizuri, sina neno nacho. Ila kinazunguka polepole, na losheni si maji. Maji yana mnato mmoja ukiyakoroga taratibu au kwa fujo. Losheni hulegea kadiri unavyoisugua kwa kasi.

Na mkono una kasi gani? Hesabu hii niliifanya usiku mmoja jikoni na ikaninyima usingizi. Marekani kuna mwongozo unaojulikana kama ASTM E1490, unaoeleza jinsi watu waliofunzwa wanavyopima hisia za krimu na losheni kwenye ngozi. Unachora duara la takriban sentimita 5 upande wa ndani wa mkono, unaweka mililita 0.05 za losheni, yaani tone, halafu unasugua kwa mizunguko miwili kila sekunde. Duara hilo lina eneo la karibu sentimita 20 za mraba. Gawanya tone kwa eneo: utando una unene wa milimita 0.025, mwembamba kuliko unywele wa wengi wetu. Sasa chukua kidole kinachokwenda sentimita 10 kwa sekunde juu ya utando huo. Upande wa juu wa utando unakwenda na kidole, upande wa chini umeshikamana na ngozi. Milimita 100 kwa sekunde, ugawe kwa milimita 0.025: unapata 4,000 kwa sekunde. Hiyo ndiyo kasi ambayo tabaka za losheni zinaburuzana. Kijiti chetu kinachozunguka kopo hakifiki hata sehemu ya mia moja ya hapo. Katika kasi ya mkono, losheni ya 12,000 hushuka hadi mamia ya sentipoizi, pengine makumi, na losheni mbili zilizolingana kwenye kopo zinaweza kuachana kabisa.

Kwa hiyo nilikuwa nimepima losheni ikiwa imelala, nikadai kujua tabia yake ikikimbia.

Wapo waliouliza swali hili zamani. Uingereza, katika taasisi ya utafiti wa maziwa iliyokuwa Shinfield karibu na Reading, mkemia aitwaye George Scott Blair alishughulika na watengenezaji wa jibini waliokuwa wakibonyeza maziwa yaliyoganda kwa vidole na kusema "tayari" au "bado". Alitaka kujua kidole kinapima nini hasa. Miaka ya mwisho ya 1930 alikuwa akiwapa watu mipira na vipande vya lami wabonyeze, waseme kipi ni laini zaidi. Ugumu wa jaribio lile ni mzuri kuufikiria: mpira ukiubonyeza unakubali mara moja na unasimama hapo, lami inaendelea kukubali kadiri unavyongoja. Ukibonyeza kwa muda mfupi, lami ni ngumu. Ukibonyeza kwa muda mrefu, lami ndiyo laini. Jibu la "kipi ni laini" limefungwa ndani ya muda wa kubonyeza. Uwanja huo aliuita saikoriolojia. Mwaka 1972 watafiti wawili wa Uingereza, Barry na Grace, walichapisha kazi iliyotafuta ni hali gani hasa ya kusugua ambayo mtu anaitumia anapopima jinsi dawa ya kupaka inavyotandazika. Mwaka 1975 mtafiti Schwartz akachukua mbinu iliyokuwa imebuniwa kwa ajili ya chakula, ya kueleza umbile hatua kwa hatua toka kuumwa hadi kumezwa, akaihamishia kwenye krimu za ngozi: kuchota, kusugua, baada ya kusugua.

Kazi iliyonifungua macho zaidi ni ya 1999, ya Brummer na Godersky wa Hamburg. Waligawa hisia mara mbili. Ipo hisia ya kwanza, pale losheni inapotoka na kuanza kutandaa. Hii waliona inakwenda pamoja na nguvu inayohitajika kuifanya losheni ianze kutiririka, na mnato wake mkubwa kabisa mwanzoni. Ipo hisia ya pili, mwisho wa kusugua. Hii inakwenda pamoja na mnato katika kasi kubwa ya kuburuzana. Namba mbili, nyakati mbili. Mimi nilikuwa na namba moja, na hata hiyo haikuwa ya wakati wowote kati ya hizo mbili.

Ile nguvu ya kuanza kutiririka inastahili kuzungumziwa peke yake, maana ndiyo inayouza bidhaa. Mmarekani Eugene Bingham, mwanzoni mwa karne ya 20, alionyesha kuwa rangi ya ukutani haifanyi kama kimiminika cha kawaida: haisogei kabisa mpaka msukumo uvuke kizingiti fulani. Dawa ya meno inakaa juu ya mswaki bila kuzama kwa sababu hiyo. Losheni inayosimama kiganjani kama kilima kidogo badala ya kukimbilia vidoleni ina kizingiti kizuri, na mnunuzi anaiona "ina kitu", haijachakachuliwa. Kizingiti hiki kinapimika kwa riomita, mashine ya gharama ambayo sisi hatuna. Lakini kuna kipimo cha maskini ambacho nakipenda sana: gramu 1 ya losheni kati ya vioo viwili, uzito unaojulikana juu yake, dakika moja, kisha rula. Kipenyo kinakwambia imetandaa kiasi gani. Ukibadilisha uzito mara tatu au nne, unaanza kuona losheni inayokataa kusogea na ile inayosogea kwa chochote.

Hapa lazima niseme habari ya ukubwa wa tofauti, maana viwandani tunabishana sana kuhusu 12,000 na 13,000. Stanley Smith Stevens wa Harvard alikusanya vipimo vya jinsi hisia inavyokua kitu chenyewe kinapokua. Kwa mnato, watu wakikoroga vimiminika vya silikoni, alipata kipeo cha 0.42. Tafsiri yake kwa lugha ya kazini ni hii: ili mtu ahisi kimiminika kimekuwa kizito mara mbili, huna budi kuongeza mnato karibu mara tano. Vidole vinazipunguza sana tofauti za uzito. Ugomvi wetu wote wa 12,000 na 13,000 ulikuwa juu ya kitu ambacho hakuna mteja angeweza kukihisi, wakati kitu alichokihisi hatukuwa na safu yake kwenye daftari.

Kisha kuna joto. Maabara yetu ina kiyoyozi na tunapima kwa nyuzi 25, kwa sababu ndivyo miongozo mingi inavyosema. Sasa fikiria chumba cha Temeke mwezi wa pili, mchana, nyuzi 31 au 32, na ngozi yenyewe ina karibu nyuzi 32. Mafuta ya nazi huyeyuka karibu nyuzi 24, kwa hiyo Dar es Salaam chupa yake ni maji karibu mwaka mzima, na Njombe mwezi wa saba inabidi uianike juani ndipo ikubali kumiminika. Losheni yenye nazi nyingi tuliyoipima kwa nyuzi 25 ilikuwa imesimama ukingoni kabisa: nyuzi mbili chini ni kitu kimoja, nyuzi mbili juu ni kingine. Hali ni hiyohiyo kwa siagi ya shea. Shea ya kaskazini mwa Uganda ni laini, karibu inamiminika. Ya Afrika Magharibi ni ngumu zaidi. Jina kwenye lebo ni moja. Mwaka fulani tulibadilisha muuzaji bila kubadilisha fomyula, na krimu ya nywele ikatoka imejaa chembechembe kama semolina. Kifaa cha kudondosha koni, kinachopima kina ambacho koni ya chuma imezama ndani ya sekunde 5, kingetuonya siku ileile mzigo ulipofika. Siku hizi tunapima mara mbili, kwa 25 na kwa 32, na namba ya 32 ndiyo naiangalia kwanza.

Hewa yetu ya pwani inaingia pia kwa mlango mwingine. Ngozi ya binadamu haina kihisio cha unyevu. Ubongo unajua "maji" kwa kuunganisha ubaridi na mguso. Ile hisia ya ubichi, ya losheni "inayoburudisha", sehemu kubwa ni maji yanayovukizwa yakiondoka na joto. Hewa iliyoshiba unyevu inachelewesha uvukizaji huo. Losheni ileile inayoburudisha Dodoma inaweza kulala tu juu ya ngozi ya mtu wa Tanga, na wala hakuna kilichobadilika chupani.

Nilianza kukusanya maneno. Hili lingepaswa kuwa la kwanza, sasa naliona. Niliwaomba wanawake wanane na wanaume wawili wa pale kiwandani na majirani wajipake losheni kumi na mbili, zetu na za wengine, kwa wiki tatu, na waseme wanavyosema nyumbani, bila kuwapa fomu. Maneno waliyoleta yalikuwa tajiri kuliko orodha yoyote niliyowahi kuisoma. Inateleza. Inakamata. Imeingia. Inaelea. Nyororo. Nzito ya kuchosha. Inanitoa jasho. Inabeba vumbi. Inaniacha nimepauka baada ya saa moja.

Angalia hayo maneno yanavyogawanyika. "Inateleza" na "inakamata" ni msuguano. Mjerumani Richard Stribeck aliueleza mwaka 1902 alipokuwa akichunguza beringi za mashine: utando ukiwa mnene, vitu viwili vinaelea bila kugusana, ukipungua, vinaanza kugusana huku na huku, ukiisha, ni kitu juu ya kitu. Kidole juu ya mkono uliopakwa losheni kinapita njia hiyo yote ndani ya dakika moja. Lakini kuna mtego. Ngozi iliyokunywa maji inakuwa laini, inajikunja kufuata kidole, eneo la kugusana linaongezeka na msuguano unapanda. Kwa hiyo losheni iliyofanya kazi yake vizuri inaweza kusoma msuguano mkubwa, na mtu akasema "inakamata" kwa sauti ya kusifu. Ukiiambia mashine kwamba msuguano mdogo ndio uzuri, utaishia kuuza grisi.

"Inanitoa jasho" ni utando unaoziba. Kuna kifaa kinachopima mvuke wa maji unaotoka kwenye ngozi, na utando unaoziba unaupunguza. "Inabeba vumbi" ni kunata pamoja na mabaki, na ni neno la watu wa bara, la Singida na Dodoma. Wa Dar wachache walilitaja. "Kupauka" ni la macho na vidole kwa pamoja, ule weupe wa ngozi kavu juu ya ngozi nyeusi. Vipo vifaa vinavyokadiria maji ya tabaka la juu la ngozi kwa umeme, kwa kuwa maji yanaitikia umeme tofauti kabisa na vitu vingine vya ngozini, na namba yake inakaribia neno hili. Inakaribia tu. Sijakutana na mashine inayoona kupauka kama anavyokuona mama yako unapotoka mlangoni.

Nilijaribu na hesabu. Nilichukua namba zote tulizoweza kupima kwa losheni zile kumi na mbili, nikaziweka upande mmoja wa jedwali, alama za jopo letu upande mwingine, nikaiachia kompyuta itafute uhusiano. Ilipata uhusiano mzuri ajabu. Nilifurahi kwa siku mbili. Kisha nikatambua kuwa ukiwa na losheni kumi na mbili na namba arobaini, kompyuta haiwezi kukosa uhusiano. Utapata mstari hata kati ya losheni na namba za simu. Njia ya uaminifu ni kuficha losheni moja, kutabiri, kisha kufungua. Nilipoficha losheni moja moja, kutandaa kulitabirika vizuri. Uzito wa mwanzo kiganjani ulitabirika vizuri sana. Kunata kulitabirika vibaya. Na nilipoleta mafuta ya mgando, ambayo hayakuwemo katika familia ya losheni za maji, hesabu ilisema watu watayachukia kwa kunata. Jopo langu likasema yanateleza. Mnato tena, na kunata tena: kosa langu la getini nilikuwa nimelifundisha kwa kompyuta.

Sisemi kazi hii haina maana. Ina maana kubwa, na itaongezeka. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo kwa silikoni aina ya D5, ile inayofanya krimu iteleze kama hariri kisha ipotee bila kuacha kitu. Katika bidhaa za kusuuza kikomo kimekuwepo tangu 2020, na mwaka 2027 kinafika kwenye bidhaa zinazobaki ngozini. Maelfu ya fomyula zinatafuta mbadala, na hakuna jopo la watu linaloweza kupaka kila jaribio. Mashine itachuja, watu watahukumu kilichobaki. Kugawana huko kwa kazi nakuunga mkono kwa moyo wote. Ninachogombea ni mashine iulizwe kuhusu wakati ambao mtu anauhisi.

Na kunata nikawa nimekwama nako, mpaka nilipokwenda Tanga.

Shangazi yangu anasinga maharusi. Amefanya hivyo tangu kabla sijazaliwa: liwa iliyosagwa juu ya jiwe kwa marashi ya waridi, singo yenye asumini na mrehani, mafuta anayochanganya mwenyewe. Nilimpelekea makopo mawili yasiyo na lebo, bechi iliyopendwa na bechi iliyorudi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umeniletea mtihani?"

Alichota la kwanza kwa kidole cha kati, akalinyanyua, akalitazama linavyosimama. Akalipaka mkono wangu wa kulia toka kiwiko kushuka. La pili mkono wa kushoto. Nikamuuliza lipi zuri. Akasema kaa. Tukakaa. Tukaongea habari za mirathi ya shamba, za binamu aliyeko Muscat ambaye kila akipiga simu anaagiza udi utadhani huko haupo, za bei ya samli. Nilimuuliza tena, akanitazama kama mtu anayeulizwa kama wali umeiva na maji hayajachemka. Adhana ya alasiri ilipoanza alivua kanga ya mabegani, akaikunja kona, akaibandika juu ya mkono wangu wa kulia, akaibonyeza kwa kiganja, akaivuta taratibu. Ikatoka. Akafanya vilevile kushoto. Kanga iliondoka na ngozi ikiinuka kidogo kabla ya kuachia.

"Hili halivaliwi nguo," akasema. "Bibi harusi akishasingwa anavalishwa. Nguo ikimganda, umemharibia siku."

Nilimuuliza alijuaje kungoja muda ule. Akasema kabla ya hapo ni maji yanasema, mafuta bado hayajasema.

Kariakoo nilinunua kanga nyeupe ya pamba, nikaikata vipande vya sentimita 3 kwa 10. Tunapaka tone letu kwenye duara la sentimita 5, kwenye mkono wa mtu, chumba kikiwa na nyuzi 31 na kiyoyozi kimezimwa. Tunangoja dakika 20 kwa saa ya ukutani. Tunabandika kipande, tunaweka juu yake jiwe la mizani la gramu 200 kwa sekunde 10, tunaliondoa, tunavuta kwa mizani ndogo ya kuning'iniza na kuandika gramu za juu kabisa kabla kitambaa hakijaachia. Mikono mitano, mara tatu kila mmoja, kwa sababu mikono ya watu haifanani. Bechi mbili za zamani, ambazo kijiti cha chuma kiliziona mapacha, hapa ziliachana tangu siku ya kwanza, na kila mara mpangilio ulikuwa uleule.

Daftari sasa lina safu nne: mnato kwa 25, mnato kwa 32, kipenyo cha vioo, na ya nne tumeiandika kwa mkono juu kabisa, "kanga". Bechi ya juzi imepita safu tatu za kwanza bila tatizo na imeanguka ya nne. Ipo stoo, kwenye mapipa, imefunikwa. Mafuta mepesi yanatarajiwa kutoka bandarini Alhamisi, na mwenye duka wa Kariakoo nimeshampigia simu kumwomba anisubiri.